Sikifuti Kile Kilele

Jumatano, Isevya, Tabora. Joto la Oktoba halina adabu, na umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Nina hasira, nakiri mapema.

Msimamizi wangu aliyeko Ulaya ameandika kwamba hadi Ijumaa niwe nimefuta kilele changu kwenye makala ya kundi letu la utafiti. Nisipofuta, sura yangu ya tasnifu itakwama, na uchambuzi atapewa mwenzangu. Nimekuja nyumbani kumuuguza mama aliyevunjika mguu, basi yeye na wenzake kwenye kundi wameona niko mbali.

Kwa msiojua kazi yangu: tunarusha viini vya atomi adimu, visivyodumu hata sekunde, kwa karibu nusu ya kasi ya mwanga. Vikigonga kibamba chembamba cha metali ya berili, nyutroni moja hung'oka. Kiini kinachobaki mara nyingine huachwa kimesisimka, nacho hutulia kwa kutoa mwonzi wa gama. Mionzi ya nishati moja ikirundikana kwenye grafu, kinatokea kilele. Changu ni kidogo, lakini ni hali ya msisimko ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika kiini hiki.

Wanasema ni takataka za alumini ya bomba ambamo viini hupita.

Wana sababu, niseme ukweli. Mwaka jana niliwaletea kilele kwa mbwembwe, kumbe kweli ni alumini. Nilisahau kutazama grafu ya kabla ya kusahihisha kasi, jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa mwanzoni kabisa. Tangu siku hiyo, kila uchafu kwenye grafu wanauita "kilele cha Tabora." Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Safari hii nimetazama. Bomba limesimama, kiini kinakimbia, na mwonzi wa kitu kinachokimbia husomeka kwa nishati tofauti mbele na nyuma, ndiyo maana tunasahihisha. Kwa hiyo sahihisho la kasi hutawanya kilele cha bomba na kukusanya cha kiini. Changu bila sahihisho kinasambaa chote. Nikilirudisha kinasimama wima, na vitambuzi vya mbele na vya nyuma vinatoa nishati ileile. Nimerudia mara sita, leo nikitumia umeme wa sola wa jirani.

Mama alinisikiliza mguu wake ukiwa juu ya mto, kisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, hao ni wakubwa zako. Kifute, umalize shule."

"Kipo, mama."

Aligeukia ukutani, na hilo limeniuma kuliko barua ya msimamizi. Anaogopa nitarudi mikono mitupu. Mimi pia naogopa.

Alasiri nimetuma grafu zote kwa kundi zima, si kwa msimamizi peke yake. Kosa la mwaka jana nimelitaja mwenyewe kabla hawajanikumbusha. Halafu nimeomba anayesema ni alumini anionyeshe alumini inayokimbia.

Sura wanaweza kuikwamisha, hata jina langu kuliondoa. Lakini atakayerudia jaribio hili, hata miaka kumi ijayo, atakikuta kilele palepale.

Ijumaa na ije.