Senene wa Baba

Nyakahanga,
9 Novemba 1954

Dada yangu Joviana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Yustus na mtoto, na kwamba maharage ya huko Nyaishozi yamestahimili mvua hizi. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia.

Mwalimu Xaveria, mkuu wetu hapa shuleni, aliniomba nitunge shairi la utoto, lisomwe siku ya wazazi. Nikampelekea beti sita za mbalamwezi na maua. Alizisoma taratibu, kisha akaniuliza maua hayo nimeyaona wapi, maana yeye amezaliwa Muleba na utoto wake ulinuka moshi na maganda ya ndizi.

Nikaanza upya. Nikaandika tulivyoteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, tulivyokanyaga ndizi mbivu hadi juisi ikapanda vifundoni, na Bibi Kokugonza akitucheka kwamba tunacheza ngoma bila mpigaji. Ubeti wa mwisho ukaja wenyewe:

Asubuhi ya umande, senene tukaokota,
Nikajificha upande, ladha bado naipata.

Mwalimu alicheka akiziba mdomo. Akasema huo ndio ubeti wenye uhai, lakini je, nitathubutu kusema mbele ya akina baba kwamba mwanamke ameonja senene? Nikajibu sithubutu. Nilipotoka ofisini kwake, nikakukumbuka wewe.

Unajua tulivyolelewa: panzi hao sisi tuwakamate, tuwanyonyoe mabawa na miguu, tuwakaange, wanaume ndio wawale. Asubuhi ile Bibi alimfungia Baba senene wake kwenye jani la mgomba, na jioni jani likakutwa nusu tupu. Wewe ndiye uliyekuwa jikoni. Ulichapwa, na misimu miwili hukuruhusiwa kushika kikapu. Bibi akakuita Joviana mwenye meno ya kiume. Hata siku ya harusi yako, shangazi waliwaambia wakwe wafiche chungu cha senene. Watu wote walicheka, nawe ukacheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa miguuni pako na niliyaona macho yako.

Dada, ni mimi niliyekula. Nilikuwa na miaka minane. Nilikula nyuma ya nyumba, nikafuta mdomo kwa majani, kisha nikaja kusimama mlangoni kutazama ukichapwa. Nilinyamaza siku ile kwa woga. Miaka iliyofuata nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi.

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya tarehe ishirini, na Baba atakuja kutoka Nyakatuntu. Nataka kuusoma ubeti ule, na jina langu nilitaje. Lakini aibu hii umeibeba wewe, si haki niigeuze shairi bila ruhusa yako. Ukikataa, nitauchana, na Baba nitamwambia nyumbani.

Ukikubali, njoo. Usikae nyuma na akina mama. Kaa karibu na Baba, ili atakapogeuka kukutafuta, akuone.

Nisalimie shemeji, na umbebe mtoto kidogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kemirembe