Mjomba, Nimepigana na Daudi Tena

Kamwene, Mjomba.

Tangu tukuzike sijakuandikia. Sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo: nimepigana na Daudi tena, kwao Makambako, na nimemshinda kwa pointi.

Unakumbuka tulivyoanza. Daudi alipanda ulingoni mapema kuliko sisi sote. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito tangu utoto, na madereva wa malori walimshangilia kila alipomlaza mtu raundi ya kwanza. Mimi ulikuwa ukinizungusha uani kwako, mtaa wa Ramadhani hapa Njombe, kwenye baridi ile, miguu tu, miguu tu. Nikiomba pambano unasema, "Ngumi unazo, mwanangu. Kusimama ndiyo hujui."

Nilikukasirikia. Uliponiruhusu hatimaye, Daudi akanilaza chini mbele ya watu, nikaona umenipotezea ujana wangu. Ukanifuta damu puani, ukasema, "Leo kakuweza. Lakini hajawahi kufika raundi ya mwisho. Hajui kukoje huko."

Kisha ukaugua. Ukaondoka kabla… basi.

Safari hii alinijia kwa kasi ileile. Nikamzunguka, nikamwacha apige hewa. Kwenye kona yangu alikuwa mkeo, kashika ndoo ya maji, ananifokea kwa Kibena kuliko hata wewe. Ukumbi mzima ulikuwa wa Daudi, lakini raundi za mwisho zilipofika mikono ilimshuka, akawa ananikumbatia ili apumue. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa napata joto. Mjomba, nilicheka ulingoni! Mwamuzi akanikodolea macho.

Baadaye Daudi alinifuata nikivaa viatu.

"Nani alikufundisha?"

Nikakutaja. Akainama, akafungua bandeji za mikono taratibu.

"Mimi hakuna aliyenifundisha," akasema. "Niliposhinda walinibeba, wakaniletea mpinzani mwingine. Ndiyo hivyo tu."

Nilimwonea huruma. Miaka yote nilimwonea wivu kwa kutangulia, kumbe alikuwa peke yake.

Akaniuliza kama anaweza kuja Njombe kufanya mazoezi. Mkeo akajibu kabla yangu: "Uje. Ila ukija umechelewa, unafagia uwanja."

Amekuja. Analalamika kila siku, na kila siku yupo.

Lala salama, Mjomba. Nakuahidi nitampa kila ulichonipa, sitaficha kitu. Siku tukikutana tena ulingoni akinishinda, nitampa mkono. Lakini kwa miguu hii, atanitafuta sana kabla hajanipata.

Mpwa wako,
Lusajo