Viatu Vilivyotazama Mlango

Silver Spring,
Jumapili, theluji bado haijayeyuka

Mama yangu,

Shikamoo. Hapa sina wa kumwamkia hivyo ila Mama Mdogo, naye siku hizi anaitikia bila kuinua uso. Kikohozi cha Baba kimepoa? Na Shomari, bado ananyonya kidole, au anaona haya kwa kuwa yuko darasa la kwanza?

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Rehema, mbona umekuwa bubu?" Nikasema laini mbovu. Laini ilikuwa nzima, Mama. Mdogo wako alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na nilichotaka kusema kilimhusu yeye.

Unakumbuka ulivyocheka niliposema nasoma Kijapani shuleni? "Umekwenda mpaka Marekani kusoma Kijapani?" Sikukwambia sababu. Kwenye masomo mengine nikifungua mdomo darasa zima linageuka. Kwenye Kijapani tunababaika wote. Tena mwalimu anataka tuiname tukimsalimu. Wenzangu wanachekana, mimi najiona niko nyumbani. Alitufundisha pia kwamba ukiingia nyumba ya Mjapani unavua viatu, halafu vinageuzwa vitazame mlango, ili anayeondoka asipate taabu. Hilo lilinikaa sana.

Sasa, Mama Mdogo alikuwa anamtunza kikongwe wa Kijapani huko Lanham, Bibi Haruko. Aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani akaja naye huku, miaka mingi sana iliyopita. Mume amekufa, na uzee umemfutia Kiingereza chote. Binti yake anayekaa naye, mtu mzima kukuzidi wewe, Kijapani hajui. Mama Mdogo aliposikia ninachosoma alipiga makofi. "Mungu si Athumani! Jumamosi twende wote. Mie nimechoka kuongea na mtu kwa vidole kama tunapatana bei ya nyanya."

Nilipomsalimu kwa Kijapani changu cha miezi mitano, Bibi alinishika mkono akalia. Binti yake alisimama kwenye mlango wa jiko, akasema, "Utotoni alikuwa anatusemesha hivyo. Tukawa tunamjibu Kiingereza mpaka akachoka."

Basi kila Jumamosi Bibi akawa ananiuliza neno moja: tunarudi nyumbani lini? Nadhani alinidhania mdogo wake. Mara ya kwanza nilimjibu kweli, kwamba sijui. Alilia akasukuma sahani. "Anasemaje?" Mama Mdogo akauliza. Nikasema anaulizia baridi itaisha lini. Jumamosi iliyofuata nikamjibu, kesho. Mama, alikula wali wote! Mama Mdogo akanipigapiga mgongoni, "Mtoto wa dada, una mkono wa dawa wewe." Mimi ambaye sijawahi kusifiwa kwa kuongea. Nikaendelea. Kesho, Bibi. Kesho. Na kabla ya kuondoka nikawa natoa viatu vyake vyeusi kabatini, navipanga vitazame mlango, kama nilivyofundishwa. Alikuwa anavitazama kama mtoto anavyotazama nguo ya sikukuu.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili asubuhi, theluji inaanguka, binti yuko bafuni, Mama Mdogo yuko jikoni anachemsha mchele. Bibi akavaa vile viatu, akachukua mkoba wake, akatoka. Walimkuta kituo cha basi, amekaa wima, theluji mabegani. Mpaka leo yuko hospitali, homa ya mapafu.

Binti aliuliza nani aliweka viatu mlangoni. Mama Mdogo akasema labda ni yeye, labda alivisahau wakati anafagia. Wakubwa wake wamemsimamisha kazi. Mimi hata hakuna aliyenifikiria.

Sare yake ameikunja iko kwenye kiti pale sebuleni. Jana aliniambia, "Mwanangu, labda akili yangu imeanza kuchoka. Mtu anasahauje viatu?" Nikamwekea chai mbele yake, nikakaa kimya. Kimya changu hiki ambacho nyote mnakiita upole.

Nimeandika kwako kwanza ili nione kama maneno yenyewe yanatoka. Yametoka. Nikishafunga bahasha naenda kumwambia, yuko chumba cha pili namsikia anakohoa. Baadaye tutakwenda wote kwa yule binti, na nitasema mwenyewe. Mama Mdogo akikupigia kwa hasira, tafadhali usinitetee.

Msalimie Baba. Msalimie Bibi mzaa Baba, ila haya ya Bibi Haruko usimwambie. Msalimie Mjomba fundi baiskeli, na Mama Zuhura jirani aliyenisuka siku ile ya safari. Mwambie nywele nilikaa nazo mpaka zikafumuka zenyewe.

Kabla sijaweka kalamu chini. Uwanja wa ndege nilikuuliza narudi lini, ukasema, "Mwakani, mwanangu, mwakani si mbali." Mwaka ulipofika ukasema tena mwakani. Sikulaumu, Mama. Sasa najua inavyokuwa: unamwona mtu analia, unataka tu ale. Lakini viatu nilivyokuja navyo viko mlangoni, vinatazama nje, na kila asubuhi navipita nikienda shule. Kama hujui, niambie hujui. Nitakula.

Mwanao,
Rehema