Jina Lako Kwenye Kompyuta ya Makiso

Papa,

Siku tulipofungua tena duka lako la kuchapa hapa Makiso baada ya kukuzika, kompyuta iliwaka vizuri, lakini intaneti hakuna. Wanafunzi wamesimama mlangoni na kazi zao za kutuma, mimi nimekaa kwenye kiti chako nasoma jina lako kwenye skrini.

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila asubuhi lazima uwe wa kwanza. Ulifungua kwa jina lako, wifi ikashika, halafu ukatuachia tuingie kwa majina yetu. Umeme ukikatika, uliacha hata pondu kwenye sahani ukaja kufungua upya kwa jina lako. Neno la siri la wifi ulilihifadhi chini ya jina lako peke yako, Papa! Nikikuomba, unacheka: "Mutoto, mot de passe haiko chumvi ya kuazima jirani." Na lile la kufungulia jina lako umeondoka nalo.

Yaya Amisi, mtoto wako mkubwa, alitaka tufute mfumo wote wa kompyuta, hiyo Linux, jina lako na kila kitu. Nilikataa. Nyumba haibomolewi kwa ajili ya ufunguo mmoja.

Nilikiweka upya kile kisanduku cha wifi, nikakipa neno jipya. Kwenye kompyuta nikaingia kwa jina langu, nikachagua litumike kwa watumiaji wote. Hapo mashine ikataka neno la siri la mwenye ruhusa. Nilijua mwenye ruhusa ni wewe. Si ulizoea kusema, "Machine iko sawa na parcelle ya nyumba: kila mutu na chumba yake, lakini mwenye parcelle iko mumoja tu"? Hata hivyo nikajaribu langu.

Ikakubali.

Ulikuwa umeshanipa ruhusa, Papa. Lini? Hukuniambia hata siku moja. Nililia mbele ya wateja, na sioni haya.

Sasa wifi inashika yenyewe, afike yeyote wa kwanza. Yaya ananiita patronne, yaani bosi, kwa utani, lakini ananiuliza kabla ya kugusa kitu. Kwa ruhusa hiyo ningeweza kuchungulia hata mafaili yako. Sijafanya, wala sitafanya. Chumba cha mtu ni chake. Jina lako litabaki kwenye skrini, juu ya langu, maadamu duka liko mkononi mwangu.

Pumzika, Papa. Jana umeme ulikatika, ukarudi, kazi ikaendelea. Hakuna aliyegeuka kutazama mlangoni kama unakuja, ila mimi.

Binti yako,
Furaha