Kikombe ya Mucheza wa Mbele

Jumatatu, tarehe 31 mwezi wa saba, 2023

Mazoezi tangu saa mbili ya asubui mu salle kubwa ya paroisse, kando ya kanisa, hapa Vulamba, Butembo. Vumbi! Nimemwaga maji chini mara tatu. Tutacheza mu muji wa Beni tarehe 18. Mwalimu Lusenge anasema ballet yetu haijakuwa muzuri hivi tangu aianzishe — kiisha anatupigia makelele utasema hatujue hata kutembea. Sauti yake imekwisha. Inalia kama mulango wa zamani.

Leo alisema mbele ya bote: Keren njo atacheza mbele. Hapana Anne-Marie.

Anne-Marie, mudogo yangu! Miaka kenda iko mbele. Mais goti yake inavimba tangu Pasaka, na miye njo ninaikandaka na maji ya moto, najua. Keren iko na miaka makumi mbili tu, alikimbia vita ya kwabo Mutwanga pamoja na shangazi yake. Akiruka, utasema chini inamuchoma. Hata ukitaka kumuchukia huwezi, anasalimia kila mutu na mikono mbili.

Anne-Marie alipiga makofi pamoja na bengine. Ku nyumba alikula muzuri. Alisema tu: yaya — vile ananiitaka, miye mukubwa wake — ile jupe yangu ya raffia, ya kufunga ku kiuno, utaipunguza ili Keren aivae? Nimeipunguza. Sentimetre ine kila upande.

Alhamisi, tarehe 3 mwezi wa munane

Fujo ku mazoezi. Phinées, mupiga ngoma wetu mukubwa, anataka kuoa Keren, na anataka kwenda kwa shangazi yake hii juma. Mwalimu alimwambia: kwanza Beni, bibi baadaye. Phinées alitupa bijiti chini. "Weye hapana baba yake! Hapana baba ya mutu yeyote hapa! Utaona!" Bote tulisikia, hata mama wa kuuza makala ya kupikia inje.

Ilimuumiza Mwalimu. Hana mutoto. Papa yetu alipokufa, yeye njo alikuja kila yenga, siku ya misa, kwetu Kipese, na miguu, akatufundisha kucheza mu kiwanja, miye na Anne-Marie. Aliambia mama: hawa babili baache balie, mais balie bakicheza. Miye nilishindwa, nikashika sindano. Anne-Marie aliendelea.

Posho (jumamosi), tarehe 5

Anne-Marie hakuja ku mazoezi. Alienda kukandisha goti kwa muzee moja wa Katwa. Amerudi magaribi, nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka ku kope. Nikamuuliza: inauma kidogo sasa? Akasema: itapona.

Jumatatu, tarehe 7

Mwalimu amekufa.



Saa ine tulipumzika. Ni miye ninapikaka tangawizi ku nyumba na kuileta mu thermos. Nilimimina mu bikombe kumi na mbili, nikabiacha ku meza, nikajaza na kopo ya Mwalimu yenye anaachaka ku dirisha, nikaenda kushona mukanda wa Keren wenye ulikatika. Kiisha mazoezi ilianza tena. Mwalimu alianza kutoka jasho. Shati yote. Mate inamutoka mu kinywa, anapanguza, inatoka tena. Akasema: sione muzuri. Akasema vile mara mbili, na haya, kama mutu mwenye anaomba radhi. Kiisha aliketi chini. Yeye mwenye haketiake hata siku moja!

Phinées alimubeba ku pikipiki mpaka ku hospitali, Anne-Marie nyuma anamushika ili asianguke. Sisi bengine tulikimbia na miguu. Docteur alisema ni sumu, ile ya mashamba. Saa tisa akatoka tena. Akatikisa kichwa. Anne-Marie alianguka chini mbele ya mulango, na hakulia. Mutu mwenye analia sana namna ile unamusikia. Yeye, kinywa wazi tu.

Jumanne, tarehe 8

OPJ, polisi wa kuchunguza kesi, alikuja ku salle. Anaitwa Zacharie, mutu wa pole, na rhume, pua inamutoka. Aliuliza: ballet gani, ile ya bazungu, ya kusimama ku bidole? Nikajibu: hapana, yetu tunakanyaga chini na muguu muzima. Akaandika.

Nani alipika tangawizi? Miye. Akainua macho. 

— Na bote balikunywa?

— Bote, papa. Hata miye.

— Na hakuna mwengine aligonjwa?

— Hakuna.

Alizunguka salle. Ku dirisha kulikuwa kopo ya Mwalimu, ile yake ya malata, ingali imejaa. Nzi ndani. OPJ aliichukua. Hakuuliza sababu gani imejaa. Na miye sikuuliza. Nilikuwa naogopa juu yangu tu.

Alhamisi, tarehe 10

Tumemuzika. Tulimuchezea ku kaburi, na jua kali, na nguo ya Beni. Keren alikataa kusimama mbele, akaenda nyuma kabisa. Donc mbele ilibaki wazi. Tulicheza na ile tundu mbele yetu.

Tulikuwa bado kunawa mikono, polisi balikamata Phinées. Juu ya ile "utaona". Keren alipiga kelele. Mama ya Phinées hakupiga kelele — alifungua kitambaa ya kichwa, akajifunga nayo mu kiuno, akafuata jeep na miguu mpaka ku cachot, kule balimufungia. Anne-Marie aliangalia chini. Nikafikiri ni huzuni. Ni huzuni.

Yenga, tarehe 13

Baada ya misa nilileta bikombe bya ballet ku nyumba, nibioshe. Hakuna mutu alibigusa tangu ile siku — OPJ alipeleka thermos na kopo ya Mwalimu tu. Kumi na moja biko na kidogo chini, imekauka, ya manjano. Ile ya bleu haina kitu chini, na iko na harufu. Hapana tangawizi. Harufu ya shamba ya kwetu, wakati bamepulizia bitunguu dawa ya badudu. Niliijua mbele ya kuelewa kama ninaijua.

Niliketi ku kiti ya jikoni.

Kikombe ya bleu ni ya mucheza wa mbele. Mwalimu njo aliamua vile tangu zamani: mwenye anacheza mbele anakunywa mu bleu. Donc ilikuwa ya Keren. Na Keren hakukunywa — nilimwambia OPJ "bote" bila kufikiri — juu alikuwa na miye, namushonea mukanda! Mwalimu koo inamuuma, kopo yake iko mbali ku dirisha, ya Keren iko karibu. Akakunywa ya karibu.

Hakuna mutu alitaka kuua Mwalimu. Balitaka Keren.

Na Phinées hawezi. Phinées angekunywa yote yeye mwenyewe.

Sasa nani. Nilifunga ile kikombe mu kitambaa, nikaiweka chini ya bitambaa bya kushona. Sikupika tena. Anne-Marie alirudi, akaniuliza: yaya, hatupiki? Nikasema kichwa inauma.

Jumanne, tarehe 15

Assomption, siku kuu ya Mama Maria. Nilipigia mama simu Kipese, nimutakie siku kuu. Sikumupigia juu ya kitu ingine. Mungu anajua. Ao pengine anajua kama ninadanganya hata hapa.

Tuliongea juu ya Mwalimu, mama akalia kidogo. Kiisha akauliza:

— Na bile bikunguni, mulibimaliza?

— Bikunguni gani, mama?

— Si Anne-Marie alikuja ile posho kuomba dawa yangu ya bitunguu? Kidogo tu, mu kichupa. Nilimwambia anawe mikono.

Sisi hatuna kunguni. Nyumba yetu, miye njo ninaifagia.

Nikasema: ndiyo mama, zimekwisha.

Jumatano, tarehe 16

Sikushona. Sikwenda kwa OPJ.

Ijumaa, tarehe 18. Beni

Tulifika saa ine, mu camionnette, na ngoma juu ya magoti. Ku barrière ya kwanza ya barabara, askari mumoja aliuliza tunaenda kuimba nini. Keren akajibu: tunaenda kulia. Akatuachilia bila kuangalia bitambulisho.

Batu ba Beni balijaa mu salle. Bo banajua kuzika, juu ya vita. Balisimama tulipokuwa bado kuanza, bote, bila mutu kubaambia. Keren alikataa mbele mara ingine: hapana miye, ni nafasi ya yaya Anne-Marie. Akamufungia njuga ku miguu, yeye mwenyewe, amepiga magoti. Nilitoka inje. Sikuweza kuona ile.

Mais nilirudi kumuona akicheza. Nitaandika ukweli: sijaona mutu anacheza vile. Goti imevimba kama papai, na alishuka mpaka chini, akapanda, akashuka. Ule mama karibu na miye alisema, huyu anamulilia sana mwalimu wake. Nikasema: ndiyo. Ni kweli pia! Njo ile inaniua. Ni kweli pia.

Kiisha, mu chumba ya kubadilisha nguo, tulibaki babili. Nilikuwa namufungulia njuga. Sikupanga kusema. Nikasema:

— Mama anauliza kama kunguni zimekwisha.

Alivuta muguu yake, njuga ikalia. 

— Nilitaka agonjwe tu, yaya. Tumbo. Siku tatu. Nicheze Beni mara ya mwisho, kiisha nimuachie yote.

— Na Mwalimu?

— Nilimuona anakamata kikombe.

Niliacha njuga.

— Nilimuona, alikuwa pale mbele yangu, kama vile weye. Nikasema mu roho: kidogo tu, mutu mukubwa, haitamufanya kitu. Kama napiga kelele, bote banajua. Kinywa ilikataa. Alikunywa yote, yaya. Akasema: ah, hii ya leo ni kali. Alinichekea.

Nilitaka kumupiga. Nilimukamata kichwa, nikamuweka hapa, ku tumbo yangu, na alikuwa na jasho na raffia mu nywele, na tulibaki vile mpaka balipobisha mulango, camionnette inaondoka.

Posho, tarehe 19

Tumerudi Butembo. Hatukulala, hata mumoja wetu. Asubui nilimwambia: Phinées iko ndani siku kenda. Akasema: najua hesabu. Nikamwambia: kama huendi kwa OPJ, nitaenda miye. Sauti yangu ilikuwa ya mutu mwengine. Akaomba: acha yenga ipite, niende misa. Nikakubali.

Utasema nilikubali usiku, na usingizi? Hapana usiku, ilikuwa mchana kweupe. Nimekubali juu nilitaka pia siku moja ingine naye.

Yenga, tarehe 20

Alipika. Sombe na mafuta ya ngazi, vile papa alipendaka. Hakwenda kukomunika. Nilibaki naye ku banc ya mbao mu kanisa, na miye sikwenda.

Jumatatu, tarehe 21

Naandika ku magoti, ku banc mbele ya bureau ya OPJ. Anne-Marie iko kando yangu. Amevaa jupe ya misa. Kikombe ya bleu iko mu sac yangu, mu kitambaa. Saa tatu imepita. OPJ Zacharie iko ndani na batu ba kesi ya mbuzi, tunasikia bo banabishana.

Nilifikiri ataniponyoka mu njia. Hakuponyoka. Alitembea mbele, na goti yake ile, nikashindwa kumufikia.

Mama ya Phinées amefika sasa hivi na casserole ya chakula ya mutoto wake. Analetaka kila siku. Alituona, akafurahi sana — akafikiri tumekuja kumusemea Phinées muzuri! Akasema Mungu atatulipa. Polisi wa mulango alimwambia angoje, donc ameketi na sisi, kati yangu na Anne-Marie, na casserole ku magoti, mvuke inatoka.

Anamuangalia Anne-Marie. Anasema: umekonda, mutoto yangu. Ile kifo imekukula. Anafungua casserole. Bugali, maharagi, kipande ya nyama moja. Anakata bugali na mukono, anaweka ku kifuniko pamoja na maharagi na ile nyama, anamupatia.

Anne-Marie anasema: mama, hii ni ya Phinées.

— Phinées atakula yenye inabaki. Kula.

Anashika kifuniko na mikono mbili. Hagusi chakula. Machozi inaanguka mu maharagi, na mama ya Phinées anamupanguza uso na ncha ya kitenge yake, polepole, anamwambia: lia tu, lia, alikuwa baba yenu bote.

Batu ba mbuzi banatoka. OPJ iko ku mulango, na rhume yake. Anatuangalia sisi batatu. Anauliza: nani anaingia wa kwanza?

Mama ya Phinées anasema: baache hawa batoto kwanza, papa. Miye ninaweza kungoja.

Anne-Marie ananipatia kifuniko. Nyama bado iko juu. Anasimama, anaelekea mulango wa OPJ.