Diski Moja Tu

Jumatano, Korogwe

Kosa ni langu. Nilipogawa diski mbili za Bi Zaina ili kila moja itunze nakala ya mwenzake, sehemu nilizozikata hazikuanzia kwenye mipaka ya vipande ambavyo diski huandika, hivyo diski hufanya kazi mara mbili. Ndiyo maana kompyuta yake inajikokota.

Leo nilifuta moja niipange upya. Nyimbo za Kizigua alizorekodi kijijini Misima zikabaki kwenye ile nyingine tu.

“Ikifa hiyo je?” akauliza.

“Zimepotea, mama.”

Akavuta kiti, tukatazama asilimia za kuzinakili kwenye diski niliyoipanga upya zikipanda. Umeme ulicheza mara mbili.

Zilipofika mia, akafungua wimbo. Sauti ya marehemu dada yake ikatoka safi. Hapo ndipo nikamweleza kosa langu.

Akausimamisha wimbo. “Na ile ya pili bado?”

“Bado, mama. Nayo lazima niifute niipange upya.”

“Basi kesho uje mapema.”