Mama Aliyekwisha Kufa Kwenye Faili

Jumatatu, 4 Machi
Barua mbili za ofisi kabla ya chai, zote nimezisahihisha Kiingereza mimi. Mwenzangu kaandika "informations". Nimeikata ile s kwa raha kabisa. Mimi na kujiona kwangu.

Saa nane Roda kapiga kutoka Kagunga. Mama mdogo hajala siku ya tatu, anatuita kwa majina. Roda ni mwanawe wa kumzaa, mimi wa kunilea. Mama alipougua baada ya kunizaa, mdogo wake ndiye aliyeninyonyesha, na kwake sikuondoka mpaka darasa la saba. Nimejaza fomu ya ruhusa papo hapo. Sababu: "My mother is very sick." Sentensi safi. Boti ya kutoka hapa Kigoma ni Jumatano.

Jumanne, 5 Machi
Afisa utumishi kaniita. Kijana wa Dar, mpole, tai shingoni. Kafungua faili langu, kanionyesha fomu ya miaka mitatu iliyopita. Mwandiko wangu: "My mother has passed away."

"Dada, kwani mama anakufa mara ngapi?"

Heri angecheka. Nikamweleza: yule alinizaa, huyu alininyonyesha. Akasema huyo kwa Kiingereza ni "aunt", na kanuni za kampuni ni za Kiingereza. Mama, siku saba. Aunt, hakuna. Yeye Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao, mimi nilianza na Kiha, halafu ananiuliza kama mama mdogo ni mama. Hakuwa mbaya. Anaogopa meneja kama mimi.

Kosa limeitwa udanganyifu. Watanisikiliza Alhamisi. Nikiondoka kabla, kazi sina.

Jumatano, 6 Machi
Boti imeondoka. Nimeiona kutoka dirishani, imejaa magodoro na madumu. Nimebaki. Niandike wazi: nimeogopa kufukuzwa. Roda nimemwambia kazi zimebana. Huo ndio uongo wenyewe, na hakuna fomu yake.

Mchana nimefungua kamusi. "Aunt": dada wa mama, dada wa baba, mke wa mjomba. Shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, wote kapu moja. Nani alimnyonyesha nani, haisemi. "Mother" ni mmoja. Akifa, basi. Miaka yote nimekuwa nikisema "my mother in Kagunga" na hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa ofisi nzima mimi ndiye msahihishaji. Nimeikasirikia kamusi. Ujinga, najua.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao kifupi. Niandike fomu upya, na barua ya kuomba radhi. Nimeandika "aunt". Nimeliandika bila kusita, na hilo linaniuma kuliko yote. Meneja kasoma, kaguna, kanikatia siku tatu kutoka likizo yangu ya mwaka. Boti ya kesho. Nimenunua sukari, sabuni, na khanga moja ya kumfunika miguu.

Saa kumi Roda kapiga. Hakusalimia. Mama kafariki saa saba. Saa saba nilikuwa naikunja barua ya radhi.

"Alikuwa anauliza tu, mwanangu wa Kigoma kafika wapi."

Nimekata simu kama mtu mwenye haraka.

Ijumaa, 8 Machi
Boti. Jua kali.

Jumamosi, 9 Machi
Kagunga. Tumezika mchana, kwenye mteremko juu ya ziwa. Mchungaji akaita watoto wa marehemu waje waweke udongo. Roda akasogea, na wadogo zake wawili. Mimi nikabaki nimesimama na majirani. Hakuna aliyenizuia. Nilijizuia mwenyewe.

Roda akageuka, akarudi, akanishika mkono.

"Dada, unamsubiri nani?"

Nikaenda. Udongo ulikuwa wa moto. Baadaye majirani walitandika mikeka, tukakaa wote wanne upande mmoja. Roda kaniletea uji. Nimekunywa nusu.